Baba Chini ya Sakafu

Aliyebuni mabasi ya siku hizi simpendi, na wala sitajifanya nampenda. Basi la utotoni mwangu lilikuwa bodi ya mbao juu ya chasisi ya lori: pua ndefu, mabenchi ya kukaa mkitazamana, mlango mpana nyuma, ndizi juu ya keria. Lilitutikisa mpaka mbavu zikauma, lakini babu alipofariki jeneza lake liliingia kwa mlango wa nyuma likalala katikati yetu, na bibi akaliwekea mkono mpaka nyumbani Buganguzi. Mabasi yaliyofuata yalikuwa na uso bapa na siti za kutazama mbele. Palipokuwa na msiba, siti ya nyuma kabisa ilifunguliwa kwa spana na nafasi ikapatikana. Kisha yakaja haya: sakafu imepandishwa juu ili chini pawe na buti, vioo havifunguki, njia ya katikati nyembamba hata mwenye kikapu anapita upande upande. Eti ndiyo ya kisasa.

Mwaka huu baba alifia hospitalini Bukoba. Pikapu ya mjomba tuliyoitegemea ilikatika ekseli asubuhi ile, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa kibanjani, kwenye migomba yake. Tukaenda stendi. Kondakta alikubali kutubeba, ila jeneza likae kwenye buti pamoja na magunia ya dagaa. Nilifoka. Nilimuuliza kama baba yake naye angemlaza na dagaa. Akasema si yeye aliyeliunda basi, na kwa kuwa alisema kweli, hasira ikanizidi.

Mama hakufoka. Kwetu marehemu haachwi peke yake mpaka azikwe, na tangu hospitalini yeye ndiye aliyekaa naye. Aliomba apande humo humo kwenye buti, wakamkatalia. Tukasukumwa ndani, vijana wa stendi wakabaki wanapakia. Akauliza jambo moja tu: mume wake amelazwa upande gani?

"Kushoto, mama. Chini ya siti yako hii hii," kondakta alijibu bila hata kumtazama.

Mama akavua viatu, akakaa sakafuni, kiganja kikiwa chini. Kuanzia Rwamishenye alizungumza naye Kihaya, polepole: sasa tunapita Kemondo, huku mvua imenyesha, kahawa ya watu imechanua. Video ya muziki ilipiga kelele juu ya kichwa chake mpaka nilipoinuka na kuizima mwenyewe. Alimwambia na mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia, nikageukia dirishani.

Tuliposhuka Muleba, stendi ya kwetu, kondakta alifungua buti la kushoto. Dagaa watupu, magunia mpaka juu. Jeneza lilikuwa upande wa kulia, limesukumwa hadi kwenye tairi la akiba.

Nilimkwida kondakta. Watu wakatuamulia, na sijuti. Mama alibaki amesimama mbele ya yale magunia, kisha akanigeukia na kuniuliza, kwa sauti yake ya kila siku:

"Kwa hiyo hakunisikia?"