Tangazo Lililozidiwa na Cherehani

Kisa hiki hamtakiamini, na hakuna atakayewalaumu. Mwandishi mwenyewe, aliyeishia darasa la sita akiwa amekwisha kumzidi mwalimu maarifa, alikishuhudia akajifinya.

Dada yake ni fundi cherehani. Wateja humwita Mama Pindo. Ana miaka sabini na miwili, na presha inayodai kidonge kila asubuhi. Dawa ilipopanda bei, akaanza kukata vidonge kwa mkasi wake wa vitambaa, mkasi ambao hata karatasi haujawahi kuonja. Nusu leo, nusu kesho. Kichwa kikawa kinazunguka hata kutunga uzi ni kazi.

Ajabu yake, mpango wa serikali wa kuweka kikomo cha bei ya dawa aliupinga kufa na kupona. Redio ilikuwa imemwambia, kwa sauti ya huruma: "Bibi, babu, bei ikibanwa, dawa yako itatoweka dukani." Akisikia "bibi" huinua mguu kwenye pedali asikilize. Maneno yakiisha, anakanyaga tena, na kelele za cherehani zinafunika redio.

"Na unaamini?" mdogo wake, ndiye mwandishi huyu, akamuuliza.

"Mara kumi kwa siku, mdogo wangu. Mwongo angeshachoka."

Wazee wa mtaa wakamchagua awasemee kwenye kikao cha maoni juu ya mpango huo pale zahanati, Alhamisi. Jumatano, mkanda wa cherehani ukakatika. Tangazo likaja, likaisha, na safari hii pedali ilikuwa kimya. Kumbe lina mkia, sauti ya mbiombio: "Limedhaminiwa na umoja wa waagizaji dawa."

Mama Pindo akauweka mkanda mezani.

"Anayenipima ndiye muuza kitambaa," akasema.

"Basi sasa unauunga mkono mpango?"

"Sijui. Huenda kweli dawa zikaadimika. Ila nilidhani yale ni mawazo yangu."

Kikaoni akamwonyesha ofisa wa serikali bango ukutani: BEI ITASHUKA.

"Hili nalo nani kalilipia, baba? Na dawa zikikosekana, mna akiba ya miezi mingapi?"

Ofisa akafungua faili, akalifunga. "Bango ni letu. La akiba sina jibu leo, mama."

"Basi na sisi hatuna maoni leo. Lilete Alhamisi ijayo, utatukuta, tukimeza nusu nusu."

Hapo wazee mia tatu wakasimama kwa vifijo, mmoja akatupa mkongojo wake na kuanza ku—

"Tulikuwa kumi na wanne," anasema Mama Pindo, akisoma juu ya bega la mdogo wake, "na wewe ulikuwa usingizini."