Soketi ya Hamaguchi

Jumamosi moja kila mwezi, juu ya duka la kari karibu na stesheni ya treni ya Kanazawa, Japani, watu wazima wenye akili zao hukutana ili wasiongee. Unapanda ngazi, unavua viatu, unafungua kompyuta, unanyamaza mpaka jioni. Kabla ya kuondoka kila mmoja anasimama na kusema sentensi moja: leo nimefanya hiki. Wenzake wanapiga makofi ya adabu, kisha wote wanashuka kula kari. Chuo kikuu nilikiacha kwa sababu ya mihadhara. Huku sijaacha, labda kwa kuwa hakuna anayehadhiri.

Kinachotukutanisha ni Suzuri, programu ya kuandikia maandishi. Utamu wake ni kwamba mtumiaji anaweza kuiongezea chochote. Ukitaka ihesabu maneno, unaiandikia kiongezo. Ukitaka ikuamshe asubuhi, unaandika kiongezo kingine. Wengi wetu tumemaliza ujana tukiinoa Suzuri ili siku moja tuitumie kuandika kitu, na kitu chenyewe hatujakiandika.

Hamaguchi Tetsuro ndiye aliyekuwa mlinzi wa soketi, yaani tundu ambalo Suzuri hupitia kwenda mtandaoni kuzungumza na programu nyingine. Siku za kazi alitunza kompyuta za mnada wa soko la samaki, na huko hakuna aliyemjua kwa jina. Jumamosi alikuwa mfalme. Alizibuni yeye zile amri ndogo, funksheni, ambazo kila mwandishi wa viongezo alizitegemea: ya kufungua soketi, ya kutuma swali, ya kusoma jibu, ya kufunga.

Hiyo ya kusoma ilifanana na mwenyewe. Ukishauliza swali, Suzuri nzima inaganda kungoja jibu. Huandiki hata herufi moja. Jibu lisipokuja, inaendelea kungoja, kwa sababu Hamaguchi hakuiwekea kikomo. Waliolalamika aliwaandikia kwamba aliyeuliza ana wajibu wa kutulia asikilize, na asiye na subira asiulize.

Mmoja tu kati yetu alithubutu kumtania, naye ni Sakashita Orie, mfasiri wa vitabu vya maelekezo ya cherehani. Alimbatiza jina la Stesheni Masta, kwa vile kila kitu kilisimama kwa amri yake. "Stesheni Masta, treni yangu imekwama tena," alikuwa akimwandikia, na Hamaguchi, ambaye hacheki, alisoma barua hizo mara mbilimbili huku masikio yakigeuka mekundu.

Siku moja kamusi ya mtandaoni ya Orie iliacha kujibu katikati ya swali, Suzuri ikaganda, na tafsiri yake ya asubuhi nzima ikapotea. Hakuishia kulalamika. Alibuni njia mpya, akaipendekeza kwa kundi: unauliza, unaacha funksheni yako mlangoni, unaendelea na kazi zako, jibu likifika, Suzuri inaiita. Na viongezo vyote vya zamani viliendelea kufanya kazi bila kuguswa, jambo ambalo Hamaguchi alikuwa ameapa haliwezekani.

Hamaguchi alimjibu kwa hoja thelathini. Jina hili la funksheni halifai. Hapa kumbukumbu ya kompyuta itavuja. Je, soketi ikifungwa kabla ya jibu? Alizituma kwa barua pepe ya kundi, wanakosoma wote, akiwa kwenye kiti kilichotazamana na cha Orie. Nilikaa kando yao. Nilimwona mmoja akibonyeza kutuma, nikamwona mwenziwe akifungua. Kati yao palikuwa na sahani ya biskuti za mchele, na kila mmoja alichukua yake kwa zamu, kimya.

Ikawa ndiyo kazi yao. Orie anarekebisha, Hamaguchi anapata hoja nyingine. Kwenye barua, Stesheni Masta akawa Hamaguchi-san, yaani Bwana Hamaguchi, halafu akawa "mhusika".

Jioni moja ya mvua nilitembea na Hamaguchi chini ya mwavuli mmoja kwenda stesheni. Nilimuuliza kazi ya Orie anaionaje.

"Ni nzuri kuliko yangu," akasema. "Nikimaliza kuipitia, soketi nitamwachia yeye. Mimi nimechoka."

"Umemwambia?"

"Nimemwandikia hoja thelathini. Hakuna anayeandikiwa hoja thelathini kwa kazi mbaya."

"Na yeye analijua hilo?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama mvua inalowesha. "Kila mtu analijua."

Nilimwambia aongee naye, kwa mdomo, kama watu wanavyonunua mboga. Akasema Jumamosi si mahali pake, watu wanafanya kazi.

Jumamosi iliyofuata akatuma hoja mpya kuhusu muda wa kusubiri. Orie aliisoma, akafunga kompyuta, akakaa na mikono mapajani mpaka sentensi zilipoanza. Zamu yake ilipofika akasimama.

"Leo nimefuta pendekezo langu la soketi," akasema. "Ahsanteni kwa kunivumilia."

Tukapiga makofi. Ndiyo desturi, mtu akisema alichofanya anapigiwa makofi, na mikono ilitangulia vichwa. Hamaguchi naye alipiga. Kisha ikawa zamu yake, akasimama, mdomo ukafunguka, akasema kwamba leo amepitia kazi ya mtu, akaketi.

Orie hakusubiri kari. Alikuwa kwenye ngazi anavaa viatu, na kamba moja ilikuwa inamsumbua. Tulimwona wote. Hamaguchi alimwona, akainama, akaanza kuchapa. Niliisoma skrini yake: *Tafadhali usiondoke. Ni nzuri. Nilitaka uichukue wewe.* Akabonyeza kutuma kabla Orie hajafunga kamba. Hatua nne zilitosha kumfikia, na kompyuta ya Orie ilikuwa ndani ya begi, imezimwa.

Sijui aliisoma lini. Alihamia kwa watu wa programu nyingine ya kuandikia, wanaoongea mno, nasikia.

Hamaguchi aliokota vipande vya pendekezo kutoka kwenye barua za zamani, akaijenga upya ile njia ya Orie mwanzo hadi mwisho. Akaiwekea kikomo cha kusubiri. Juu kabisa, panapoandikwa mbunifu, akaandika Sakashita Orie, na jina lake mwenyewe hakuliweka popote. Akamwandikia kumjulisha. Jibu lilikuja: anashukuru kwa taarifa, anafurahi iwapo mchango wake mdogo umekuwa na manufaa, anatutakia sote afya njema msimu huu wa baridi.

Hamaguchi alinionyesha. "Ameniandikia kama mtu wa bima," akasema.

Siku hizi kile kiti cha mbele yake anakikalia daktari wa meno mstaafu, anayejifunza kuandika kiongezo cha mashairi. Jumamosi iliyopita mzee huyo alikuwa akihema mbele ya skrini yake, amekwama. Hamaguchi aliinua kichwa.

"Umekwama wapi?" akamuuliza, kwa sauti.

Chumba kizima kiligeuka kama vile amejamba. Mtu akamwomba apunguze sauti. Akahamisha kiti upande wa pili wa meza, akaendelea kunong'ona na mstaafu mpaka zamu za sentensi.

"Leo nimeongea na aliyekaa mbele yangu," akasema Hamaguchi.

Tukapiga makofi. Yeye alikuwa akitazama ngazi.