Mzazi wa Majengo

Nilipoolewa Old Moshi nilimkuta mama mkwe wangu anauza ndizi mjini, na kabla mwaka haujaisha tulikuwa tunauza sote wawili. Siku za soko tuliamka na majogoo, tukajitwisha mikungu yetu, tukateremka mlima pamoja na wanawake wengine wa kijiji. Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya pili. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na mji wa Moshi ulikuwa unajaa watu wa kila namna walioletwa na reli: mafundi, makarani, wapagazi, wenye maduka. Sisi wa mlimani tuliwauzia ndizi, tukapanda tena kwetu jua likiwa bado lipo. Nyumba zao hatukuzijua.

Mmoja wa wateja wetu alikuwa mwanamke kijana wa mtaa wa Majengo, Mwislamu. Mumewe alifanya kazi kwenye garimoshi, na walikuwa wamehamishwa kutoka Tabora. Huyo binti alikuwa na tabia ya kuzibonyeza ndizi moja moja kabla hajachagua, jambo lililomuudhi sana mama mkwe.

"Hapana bonyeza!" alimkemea. Kiswahili cha mama mkwe kilikuwa cha sokoni tu, maneno ya kumtosha kuuza na kugombana. Mengine yote aliyasema kwa Kichagga.

Binti alicheka, akaendelea kubonyeza. Tulimpenda. Tuliona tumbo lake linakua, mama mkwe akaanza kumwongezea ndizi mbili tatu juu ya alizonunua, bila kusema neno. Kisha binti akapotea.

Jirani yake ndiye aliyetuletea habari, siku moja alipokuja kununua ndizi za kupika.

"Amejifungua mtoto wa kike," alisema. "Lakini hali yake si nzuri. Mume yuko safarini, kwao ni Tabora, na hapa hana mama, hana dada, hana wifi. Mimi namchungulia ninapoweza, ila nami nina mgonjwa nyumbani."

Habari hiyo ilinikaa moyoni njia nzima ya kupanda. Wakati huo nilikuwa mtu wa kanisa kwelikweli. Kila Alhamisi wanawake wa usharika tulikutana kusoma Neno na kuomba, na mimi, kwa kuwa nilisoma shule ya misheni, ndiye niliyesoma kwa sauti. Alhamisi hiyo nilisimama nikaeleza habari za yule mzazi. Nilieleza vizuri, maana nilikuwa na maneno. Wanawake wakalia. Tukamwombea mmoja baada ya mwingine, kwa Kichagga na kwa Kiswahili, na tulipomaliza tuliimba, nikatoka pale nimepoa moyo kama mtu aliyemaliza kulima shamba lake lote.

Wiki iliyofuata tukamwombea tena. Mtu mmoja akasema ingefaa tumtembelee. Wote wakaitikia kwamba ni wazo zuri, tutakwenda, Mungu akipenda, kahawa ikishachumwa.

Siku ile, mimi na mama mkwe tukirudi nyumbani, tulipita kwenye kihamba, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba, la jirani ambaye mke wa mwanawe alikuwa amejifungua. Kwetu mlimani mzazi hagusi jembe wala hachoti maji kwa miezi mitatu. Mama mkwe wake humpikia, humkanda, humnenepesha, mpaka siku anapotoka tena kwenda sokoni watu wote wageuke kumtazama. Kupitia migombani tulisikia wanawake wakicheka ndani ya nyumba ile, na harufu ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama tunayowapikia wazazi, ikatufuata mpaka barabarani.

Mama mkwe alisimama.

"Huyu humu ndani," aliniuliza, "tumewahi kumwombea?"

Nikafikiri. "Hapana, Mama."

"Mbona amenona?"

Akaendelea na njia yake. Mimi nilibaki nyuma kidogo, nikisikia uso unanichoma. Tulipofika nyumbani sikusubiri aseme tena. Nilimwomba mume wangu achinje beberu mmoja.

Kesho yake tulipika mtori mzito, mifupa ikachemka mpaka ikaachia mafuta yote. Nikajitwisha chungu kichwani, mama mkwe akabeba maziwa ndani ya kibuyu, tukateremka. Haikuwa siku ya soko. Kila tuliyekutana naye njiani aliuliza tunakwenda wapi na chungu, nami nilimjibu kila mmoja, kwa sauti ya kusikika.

Yule jirani wa binti akatuonyesha nyumba. Ilikuwa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, ua mmoja, jiko la pamoja. Binti alikuwa amelala kitandani. Alikuwa amekonda mashavu yakaingia ndani, na mtoto alikuwa mdogo, analia kilio cha mtu aliyechoka. Alipotuona alijaribu kuinuka.

"Shikamoo, Mama," alimwambia mama mkwe. "Ndizi zenu nimeziota."

Nikampa pole, nikaweka chungu mezani, nikamweleza kwamba wanawake wa kanisa letu wanamwombea kila wiki. Kisha nikafumba macho nikaomba, ombi refu. Nilipofumbua macho, binti alikuwa ameinamisha kichwa, kanga imemfunika mpaka usoni. Alisema asante, asante sana, dada. Tulirudi mlimani mchana uleule. Niliimba njiani.

Siku ya soko tulipitia kwake. Chungu kilikuwa kando ya mlango, kimeoshwa kikang'aa, na ndani yake ametia vitumbua kumi hivi, maana hakutaka kirudi kitupu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amezidi kudhoofika. Alizungumza akishikilia ukuta.

Mama mkwe alimtazama usoni, akatazama chungu, akamtazama tena.

"Wewe kula?" alimuuliza.

Binti akaivuta kanga usoni.

"Mtori. Wewe kula?"

Ndipo machozi yakamtoka. Hakumjibu mama mkwe, alinigeukia mimi. "Dada, usinikasirikie. Ile nyama, aliyechinja nani?"

"Mume wangu."

"Basi, dada, kwetu mimi siwezi kuila. Niliogopa kuwaambia, mmetoka mbali na mzigo kichwani. Niliwapa watu wa humu uani ambao si Waislamu. Walifurahi sana."

Nilikuwa nauza ndizi katikati ya Waislamu wa Moshi tangu nimeolewa, na jambo hilo nilikuwa nalijua kama ninavyolijua jina langu. Nilipokuwa napika halikunijia hata mara moja. Nilikuwa nawaza jinsi atakavyofurahi kutuona.

Nikamtafsiria mama mkwe kwa Kichagga. Nilidhani atachukia, kwa sababu beberu yule alikuwa mzuri. Badala yake alicheka, kicheko cha tumboni, mpaka binti naye akatabasamu katikati ya machozi. Kisha mama mkwe akafungua shuka lake la begani, akalitundika kwenye msumari ukutani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Akamuuliza kama anavyowauliza wateja wote waliosimama mbele ya ndizi zake:

"Wewe taka nini?"

Binti alifikiri kidogo. "Maji," alisema. "Bomba liko mbali na kichwa kinanizunguka. Na mtu anishikie mtoto, nilale."

Hayo tu. Mimi niliyeteremka na chungu kizima kichwani sikuwa nimewaza kwamba mtu anaweza kutamani usingizi kuliko nyama.

Siku hiyo hatukwenda sokoni. Mikungu yetu tulimwachia mwenzetu auze, tukabakiza chane chache tu. Nilichota maji bombani mpaka mapipa mawili ya uani yakajaa, wanawake wa foleni wakinishangaa mimi mwanamke wa mlimani nimetokea wapi. Mama mkwe alichemsha maji, akamkanda binti tumbo na kiuno kwa kitambaa cha moto kama alivyonikanda mimi nilipozaa. Hawakuelewana maneno, lakini nilimsikia binti akisema "hapohapo, Mama, hapohapo," na mama mkwe akijibu kwa Kichagga. Halafu akalala. Nilimbeba mtoto nje, nikazunguka naye ua mzima, nikafua nepi zake nikiwa nimemfunga mgongoni. Binti aliamka jua limeshapinda. Alituangalia kama mtu aliyerudi kutoka safari, akaomba chakula.

Nikaenda kwa muuza nyama wa Majengo, mzee mwenye kofia ya kufuma. Nilimweleza habari yote, nikamwambia kwamba nina ndizi tu.

"Ndizi si chakula?" alisema. Akanifungia mifupa minono yenye nyama, akazipokea zile ndizi nilizomletea bila hata kuzipima. Mtori wa mara ya pili tulipikia kwenye sufuria la binti, kwenye jiko lake, huku jirani akitazama tunavyoponda. Binti alikunywa bakuli mbili. Mtoto aliponyonya jioni ile, tulimsikia akimeza.

Alhamisi nikasimama tena mbele ya wanawake. Safari hii sikuwa na maneno mazuri. Nilisema tulipika chakula asichoweza kula, na kwamba sasa anahitaji watu wa kuchota maji.

Mwanamke mmoja, mtu mzima anayeheshimika, akauliza, "Na Neno? Ameuliza habari za Neno?"

Mama mkwe, ambaye hakuwahi kusema chochote katika mikutano ile, akajibu akiwa amekaa kule nyuma: "Hajauliza. Ameuliza maji."

Wengine walitazamana. Nilidhani mambo yameharibika. Kisha akainuka mama mmoja ambaye sikumtazamia kabisa, mkali wa maneno, aliyekuwa amegombana na nusu ya kijiji kwa sababu ya zamu za maji ya mfereji. "Mimi nitakwenda kesho," alisema. "Kuchota maji nakujua, na wa kugombana naye huko simjui." Tukacheka sote, na kicheko hicho ndicho kilichofungua mambo. Tukapangana. Kila aliyeteremka sokoni alipita kwanza Majengo, akafanya la kufanya, ndipo akauze. Wengine waliolia sana katika maombi hawakuja hata mara moja, na sikuona sababu ya kuwahesabia kosa, kila nyumba ina mzigo wake. Yule mkali alikuja kuliko wote. Alimwogesha mtoto akimkaripia kama mtu mzima, na mtoto akamzoea.

Mume alirudi kutoka safari tukiwa mle ndani. Alifika mlangoni amebeba furushi lake, ametapakaa masizi, akakuta chumba kimejaa wanawake wa mlimani, mmoja anakanda, mmoja anaponda ndizi, mmoja anamkaripia yule mtoto mchanga.

"Hodi," alisema, kwa mashaka, kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Karibu," akajibu yule mkali. "Wewe ni nani?"

Binti akacheka kitandani, kicheko kile cha sokoni ambacho hatukuwa tumekisikia siku nyingi. Mume akamwamkia mama mkwe shikamoo, akamtazama mkewe, akamtazama mtoto aliyeanza kujaa mashavu. Kisha aliweka furushi chini, akanawa mikono, akaketi karibu na kikapu cha ndizi na kuanza kumenya. Alimenya vibaya, akakata nusu ya ndizi pamoja na ganda. Hakuna aliyemsahihisha.

Arobaini ya mtoto ilipotimia walitualika. Mchungaji wetu nilimuuliza kama si vibaya sisi kwenda, akanijibu kwamba vibaya ni kualikwa na jirani ukakataa. Tulikwenda tumevaa nguo zetu za Jumapili. Tuliketi mkekani na wanawake wa Majengo, tukala pilau, tukasikiliza dua yao kwa adabu, na muuza nyama akatuma sahani yake maalumu kwa "mama wa ndizi". Mtoto alipitishwa mikononi mwa kila mtu. Alikuwa mzito.

Katikati ya karamu jirani alisogea akanong'ona. Nyuma ya mtaa, alisema, yupo mke wa fundi cherehani, wageni, wametoka pande za Singida, naye amejifungua juzi na hatoki nje. Nilimtazama mama mkwe. Kabla sijamtafsiria, binti alikuwa amekwisha inuka, anamfunga mtoto mgongoni kwa kanga mpya.

"Utulie, leo ni siku yako," nilimwambia.

"Nimetulia siku arobaini," alisema. "Na kule ua ule naujua, mbwa wao ni mkali, bila mimi hamwingii."

Tukaondoka watatu, yeye mbele, mama mkwe katikati, mimi nyuma nimebeba ndoo. Huyo wa Singida naye akapona, na baada yake wengine. Kikundi cha Alhamisi kiliendelea kukutana. Tuliomba kama zamani, na mara nyingi niliona tunaomba vizuri zaidi, kwa sababu tulikuwa tunawataja watu ambao nepi zao tulikuwa tumezifua. Baada ya miaka michache reli ilimhamisha yule mume tena. Tulikwenda stesheni kuwaaga, wa mlimani na wa Majengo kwa pamoja, na mtoto yule, ambaye sasa alikuwa anakimbia, akakataa kushuka mgongoni kwa mama mkali mpaka garimoshi lilipopiga honi.