Samaki Asiye na Kichwa

Kwa miaka mingi nimekuwa mtu wa kusema kwamba samaki na chipsi za bei rahisi za Koboko zinazishinda zile za bei kali za Arua, na nimelisema hilo hata mbele ya watu ambao hawakuniuliza. Nina shahada ya chuo kikuu, na mtu mwenye shahada hawezi kula tu akanyamaza. Lazima awe na msimamo.

Msimamo wangu ulikuwa hivi. Kule Koboko, mpakani mwa Uganda, karibu na mahali yanapolala malori ya kwenda Sudan Kusini, kuna mama anayekaanga samaki mzima kwenye karai jeusi kama usiku wa kiangazi. Samaki anatoka na kichwa, mkia, mapezi na kila kitu alichozaliwa nacho. Chipsi amezikata kwa mkono, moja nene kama kidole gumba, nyingine nyembamba hadi imeungua, na hizo zilizoungua ndizo zinazogombaniwa. Vyote vinamwagwa kwenye sinia moja, pilipili pembeni, mnanawa mikono kwa maji ya jagi, mnakula. Arua, katika hoteli yenye bustani na vitambaa vya meza, samaki anakuja kama kipande cha mnofu kilichovishwa koti la unga. Hana uso, hana mfupa, hujui alikuwa nani. Chipsi zote zina urefu mmoja, kama askari wa gwaride. Kando kuna kipande cha limau kilichofungwa wavu, nadhani kwa ajili ya kulisitiri, na kikombe kidogo cha mchuzi mweupe wa baridi ambao sikuwahi kujua unaliwa na nini. Nilikuwa nikisema kwamba pale mtu halipii samaki, analipia kuondolewa samaki. Niliipenda sana sentensi hiyo.

Aliyenibadilisha ni shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliyenilea Koboko tangu mama alipofariki. Amenipa ruhusa ya kuandika habari hii kwa sharti kwamba niseme ni shangazi wa mtu mwingine. Basi, msomaji, ni shangazi wa mtu mwingine.

Kwetu, samaki akifika kwenye sinia, kichwa ni cha mkubwa. Unakigeuza kimtazame yeye, na hakuna mkono mwingine unaokigusa. Kila mtu anakula upande wake. Mkono unaotangatanga hadi upande wa jirani ni mkono usiolelewa. Tangu baba alipofariki, mkubwa wetu ni shangazi. Ijumaa baada ya sala, nikiwa nimesafiri kutoka nyumbani kwangu Mvara, mtaa wa Arua, familia hukusanyika kwa yule mama wa karai, na kichwa hugeuzwa kuelekea kwa shangazi. Alikuwa bingwa. Alikifungua kama mtu anayefungua sanduku lake mwenyewe, akala mashavu, akanyonya macho, akaacha mifupa mikavu imejipanga pembeni.

Kisha akaanza kuacha. Kwanza alisema ameshiba. Ijumaa nyingine akasema samaki wa siku hizi wananuka petroli. Baadaye akawa anachukua chipsi mbili tatu za pembeni na chai. Hata nyumbani, sinia likiwekwa, alikaa mbali kidogo na kusema kuleni, mimi nitakula baadaye, na baadaye haikufika. Nguo zake zikawa za mtu mwingine mnene zaidi. Binti yake, binamu yangu anayeishi naye, alinipigia simu akilia kwamba mama yake ameamua kufa. Wengine walisema ni tumbo, wengine huzuni, wengine jicho la jirani. Tukakubaliana nimpeleke Arua akapimwe.

Njia nzima nilizungumza na binamu kwa simu: amelala vipi, amekunywa nini, amekwenda choo. Shangazi alikuwa kando yangu, ametazama mbele. Hospitalini daktari alimbonyeza huku na huku, akachukua damu, na kufikia mchana akasema tumbo lake ni zima kuliko langu. Ningepaswa kufurahi. Sikufurahi. Ugonjwa wenye jina una dawa. Usio na jina una majirani tu.

Hoteli ile ya vitambaa ilikuwa jirani na hospitali, ina kivuli na viti vyenye mito. Nikampeleka, nikitumaini atakunywa japo maji ya matunda. Mhudumu alipokuja niliagiza samaki na chipsi kwa watu wawili. Nakiri nia yangu haikuwa safi kabisa, nilitaka shahidi.

Sahani ikawekwa mbele yake. Hakuitazama. Alipitisha vidole kwenye ukingo wake, akazunguka mpaka mwisho, kisha akambonyeza samaki huku na huku kama yule daktari.

"Kichwa yake iko wapi?"

Nilimweleza kwa aibu, kama vile mimi ndiye mwenye hoteli, kwamba watu wa hapa huondoa kichwa na miiba kulekule jikoni.

"Miiba yote?"

"Yote, shangazi."

"Na hii sahani iko yangu peke yangu?"

Nikasema ni yake. Akasema Bismillahi, akasukuma uma pembeni, akala. Nilianza kumhubiria juu ya samaki wa barafu na koti la unga, yeye akaendelea kutafuna. Alikula kama mtu aliyerudi safari. Alimaliza samaki, akamaliza askari wote wa gwaride, akanyoosha mkono kuelekea sahani yangu. Mkono ukapita sahani. Ukapita limau. Ukaangusha kikombe cha mchuzi mweupe, na shangazi akageuka kutazama mahali ambapo kikombe hakikuwapo.

Hapo ndipo nilipoona, mimi mwenye miwani. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu mvua ya kwanza," alisema. "Jicho hii inaona moshi. Ile ingine inaona moshi kubwa."

Kwa sauti ya chini, akipangusa vidole kwenye kitambaa cha meza cha watu, alinieleza mengine. Mwiba ulimkwama kooni Ijumaa moja mbele yetu sote. Alitabasamu, akaenda nyumbani, akaumeza chumbani kwake na tonge la ugali. Baada ya hapo kichwa kikigeuzwa kumwelekea, alihisi kama kinamcheka. Na sinia la nyumbani aliliogopa kwa sababu hakuona tena upande wake unaishia wapi. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nikisema sioni, leo mutanitolea miiba kama mutoto. Kesho mutachukua funguo ya nyumba. Kesho kutwa mutaniweka kwa kona, mutaanza kuniongelea nikiwa hapohapo."

Nilikumbuka simu ya njiani. Yeye hakuwa amemaliza.

"Mimi macho imekufa," alisema, "na wewe, profesa, unaniletea daktari ya tumbo."

Akaanza kucheka, nami nikacheka, na mhudumu akaja mbio na kitambaa akidhani tunalia. Niliagiza sahani nyingine na kikombe kingine cha ule mchuzi, kwa maana shangazi alikuwa ameulamba kwenye kidole na kuupenda. Unaliwa na chipsi, kumbe.

Nilipokuwa nikimtazama akila sahani ya pili, niliwashukuru watu wa hoteli ile moyoni. Nilimshukuru mtu nisiyemjua aliyeshika kisu jikoni akatoa kila mwiba. Nilizishukuru hata chipsi zenye urefu mmoja, ambazo mtu anaweza kuzipata kwa vidole bila kuzitafuta. Kila kitu nilichokuwa nikikidharau pale kilikuwa kimemsubiri mtu wa kumfaa.

Kabla hatujaondoka mjini tulipita kwa daktari wa macho, naye akampangia siku ya kurudi. Nikataka kumpigia binamu simu. Shangazi akanishika mkono.

"Wacha. Wewe ukisema, iko habari. Mimi nikisema, iko amri."

Ijumaa iliyofuata tulikaa kwa mama wa karai kama kawaida. Sinia likaja, samaki wake mkubwa, wa rangi ya udongo, mafuta yakiendelea kuchemka mgongoni. Binamu akakigeuza kichwa kwa mama yake, kisha akatazama pembeni, kama mtu asiyetaka kuona chakula kikikataliwa tena. Shangazi alinyoosha mkono, akaupata ukingo wa sinia, akaufuata polepole mpaka kichwani. Akalizungusha sinia lote mpaka kichwa kikanitazama mimi.

"Toka leo kichwa iko ya huyu," alisema. "Iko na mvi, tena iko na miwani. Mimi sioni miiba. Munipatie ya mgongo, kwa sahani yangu, na musafishe muzuri."

Binamu alikaa na mkono mdomoni, na nikaona amezielewa Ijumaa zote kwa mara moja. Kisha akainuka kwenda kuomba sahani. Mama wa karai akauliza kutoka motoni ni ugonjwa gani unaotibiwa kwa sahani, shangazi akamjibu amuulize mpwa wake, ndiye aliyesoma. Watu wakacheka, na ile hofu iliyokuwa imekaa nasi ikatafuta pa kwenda.

Binamu alisafisha mnofu kwa vidole, taratibu, akauweka kwenye sahani. Funguo za nyumba zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la leso ya shangazi, nazo zilikuwa karibu kuingia kwenye pilipili. Binamu akainama azisogeze. Shangazi akamzuia kwa kiwiko bila kuacha kutafuna, na binamu akarudi kukaa, akicheka huku machozi yanamtoka.

Shangazi akala. Alimaliza mgongo, akaomba wa upande wa pili, akauliza kama zipo chipsi zilizoungua. Mimi nilikuwa na kichwa mbele yangu. Kwa miaka yote niliyomsifu samaki mwenye kichwa, sikuwahi kukila. Nilikuwa mtu wa mgongo. Familia yote ilikuwa inanisubiri nianze, maana bila mwenye kichwa kuanza hakuna mwingine anayegusa sinia, na ni shangazi tu aliyekuwa na sahani yake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikavua miwani iliyoingia mvuke, nikaifuta, nikaivaa, nikatafuta pa kuanzia.