Hamsini na Sita, Kisha Sabini na Nane

Saa mbili asubuhi, maabara ya shule bado haina mwanafunzi. Mtunza maabara, mama wa miaka hamsini na tisa, amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, macho kwenye kipimajoto. Leo hagusi kitu. Anayechemsha mchanganyiko ni mfagizi wa shule.

Ijumaa mama anastaafu. Mwalimu mkuu, aliyesimama dirishani, alishasema asipopatikana wa kumrithi, vyombo vitafungiwa stoo.

"Kemikali za darasani wengine humwaga," anasema mama. "Mimi nachemsha, natenganisha, zinatumika tena. Miaka thelathini na moja sasa."

Naye aliingia humu na ufagio. Mwalimu wa kemia wa enzi hizo, sasa ni marehemu, alimwachia mchanganyiko kama huu, wa asetoni na ethanoli, atenganishe. Ubaoni paliandikwa uzito wa molekuli: asetoni 58, ethanoli 46. Akajisemea, chepesi ndicho hutangulia. Chupa ya kwanza akaibandika "ethanoli".

Jaribio la darasa zima likaharibika.

"Nikajua kibarua kimeota nyasi," anacheka. "Mwalimu akaniambia, 'Binti, usitazame uzito tu. Uliza nani kamshika nani.'"

Molekuli za ethanoli hushikana kwa vifungo vya hidrojeni, ndiyo maana huchemka kwenye nyuzi 78. Za asetoni, ingawa ni nzito zaidi, hazishikani hivyo, zinaondoka kwenye 56.

"Ni kama wageni," anasema. "Asiye na wa kumshika mkono huaga mapema."

Anamkumbuka mwalimu wake, wala hafichi. Mzee yule hakuwahi kumsimamia kichwani. Alikuwa akipita tu, anakohoa mlangoni ili ajue yupo.

Kipimajoto kinatulia kwenye 56. Matone yanaanza kudondoka. Mfagizi anashika kalamu, anasita, anaangalia ubaoni, ambako leo pia pameandikwa 58 na 46, kisha anamtazama mama. Mama anageukia ukutani.

"Mama, si hii ndiyo nyepesi..." anaanza mfagizi, kisha anarudisha macho kwenye kipimajoto. "Hapana. Hii ni asetoni. Ile nyingine bado imeshikana."

Anaandika. Mwalimu mkuu anaitikia kwa kichwa na kutoka, na neno stoo halitajwi tena.

Mama anafuta macho kwa ncha ya kanga. Ijumaa atamkabidhi mfagizi funguo za kabati, halafu apumzike nyumbani.

"Lakini siku mojamoja nitapita," anasema. "Sitaingia. Nitakohoa tu mlangoni."