Kupanda Mwamba na Mama Mkwe

Kwetu Bukavu mwanamume hashikani mkono na mama mkwe wake, hali naye meza moja, wala hamtazami usoni akisema naye. Ni rahisi kwenye nyumba yenye ua mpana. Jaribu kwenye fleti ya vyumba viwili huku ughaibuni, Thornton Heath, yenye korido ambayo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Nilikuwa nakohoa kwa nguvu kila nikitaka kutoka chumbani, ili mama apate nafasi ya kujificha. Mke wangu alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu: mama akitaka neno alimwambia yeye, nami vivyo hivyo.

Mke wangu alipofariki, nyumba ikanyamaza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mama alijitwalia jembe mwenyewe tangu alipofika. Aliendelea kupika na kuipiga pasi yunifomu yangu ya kazi ya usafi, kisha akajifungia chumbani. Mchungaji wa kanisa letu ndiye aliyeniambia kwamba mama anafikiria kurudi Bukavu, maana binti hayupo, anakaa kwa mkwe kwa sababu gani? Nililia kwenye basi nikienda kazini. Nilimpenda mama yule, na sikuwa na njia ya kumwambia abaki.

Safari ya Yordani aliipanga marehemu, ili mama yake aone jangwa kama lile alilopita Musa. Sikuwa na moyo wa kuivunja. Kiongozi wetu, mtu mcheshi mwenye kilemba chekundu, alitupakia nyuma ya pikapu pamoja na Waingereza wawili, mtu na mkewe, akatuzungusha katikati ya miamba myekundu iliyochuruzika kama nta ya mshumaa. Mama alikuwa amevaa viatu vya Jumapili. Kwake yeye, tulikuwa tumekwenda kanisani.

Tukafika kwenye mwamba wenye daraja la jiwe juu yake. Kiongozi akatangulia na wale Waingereza, kisha akageuka akaniambia nimshike mama yangu mkono, maana panateleza. Nikasimama. Mama naye akasimama. Nilitazama viatu vyangu, yeye akatazama mbinguni, na jua halikutuonea huruma.

Mwishowe akavua kitenge mabegani, akashika ncha moja, akanirushia nyingine huku ameangalia pembeni. Nikamvuta hivyo hadi juu. Waingereza wakatupiga picha, nami sikuwa na pumzi ya kuwaeleza.

Huko juu mama akaketi, akatazama mchanga kwa muda mrefu.

"Mutoto wangu angeona huku," akasema, na machozi yakamtoka.

Nami sijui nini kilinipata. "Mama, musirudi Bukavu. Mubaki na mimi ku nyumba." Nilisema nikimtazama usoni. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo nikabaki nimesimama pale, nikingoja kukaripiwa.

Kiongozi akaita kwamba tunashuka. Mama akainuka, akakung'uta vumbi, akajifunga kitenge kiunoni na kukaza fundo. Nikamwuliza sasa tutashukaje.

Akaninyooshea mkono.

"Kitenge ni ya mukwe," akasema. "Mutoto banamushika mukono."