Picha ya Kichwa cha Baba Asha

Masasi, Jumatatu usiku.
Mama Zuhura na wenzangu wote, leo nimempelekea daktari picha ya marehemu.

Sikukusudia, jamani.

Asha wangu alianguka mkoroshoni akipogoa matawi, na miguu yote ina ganzi. Alishapigwa picha ya MRI ya mgongo. Leo ilikuwa isomwe, tujue kama mishipa ya fahamu imeguswa.

Daktari akaibandika kwenye taa.

"Mama Asha, mbona hiki ni kichwa?"

Kumbe asubuhi nyumbani Newala, kwa haraka, nilibeba bahasha ya baba yake! Arobaini ilipoisha tuligawa nguo zake zote. Hiyo picha niliificha, iwe yangu.

Nikamwambia ni ya marehemu mume wangu. Daktari akagusa doa jeupe. "Alikuwa anaumwa hapa?"

Hapo hapo. Upande ule aliokuwa akiinamishia kofia.

Asha akacheka kitandani: "Mama, baba naye kaja kunisindikiza."

Mimi nilishindwa kucheka.

Shemeji ataleta picha ya mgongo kesho asubuhi. Namkanda Asha miguu tangu magharibi, naye ananiuliza nitaanza lini.

Mtukumbuke kwenye dua.